Wa Kunitua Mzigo

Mama akirudi kutoka sokoni hakuwa anaingia ndani moja kwa moja. Alisimama uani, shingo imenyooka, beseni kichwani, akaita: "Nitueni jamani!" Tulitoka mbio. Aliyechelewa alisemwa mpaka chakula cha jioni kiishe. Mzigo wa kichwani ndivyo ulivyo, unaweza kujitwika mwenyewe ukijikaza, lakini kuutua bila kumwaga kunataka mtu wa pili. Mimi kitinda mimba nilikuwa mfupi, nagusa ukingo wa beseni kwa ncha za vidole tu, kazi yote anaifanya dada yangu. Hata hivyo mama alinishukuru mimi kwanza. Kisha alivua ngata, ile pete ya kitambaa inayokaa kichwani chini ya mzigo, akaikung'uta, akauliza tumekula nini. Kwetu hapo ndipo alipohesabiwa kuwa amefika.

Hiyo ilikuwa Tabora, na sisi wa Tabora tunajisifu kwa mizigo. Mababu wa mababu zetu walikuwa wapagazi, walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani wakarudi na majora ya nguo, na ukimsikiliza mama utadhani aliwapungia mkono walipokuwa wanaondoka. "Damu yetu ni ya kubeba," alikuwa akisema. Mimi nilicheka tu. Nikasoma, nikaja Minnesota kusomea uuguzi, nikapata kazi, na habari za ngata zikanitoka kabisa.

Nyumba niliyopanga Columbia Heights iko ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Huku nilijifunza ubebaji wa kwao. Wakati wa baridi hakuna mwenye akili anayerudi kwenye gari mara ya pili, kwa hiyo unatundika mifuko yote mikononi mpaka kwenye viwiko, funguo unazing'ata, mlango unausukuma kwa teke. Nilijiona hodari sana. Nikimaliza kupanga vitu kwenye friji, mistari myekundu mikononi inachukua muda kufutika.

Mama alikuja kunitembelea mwaka uliofuata baada ya kumzika baba. Niseme wazi: sikutaka anitembelee tu, nilitaka abaki. Nilikuwa nimechoka kula peke yangu, na nilichoka kumwazia yeye akila peke yake. Rafiki yangu wa kazini, Mkenya wa Brooklyn Park, alinionya mapema. "My dear, usi-expect mengi. Mum yangu ali-stay kidogo tu akaboeka, akaanza kuulizia ng'ombe wake. Hapa hata mtu wa kusalimia hakuna." Nikamwambia mama yangu si wa ng'ombe. Nilimnunulia koti zito, nikamtafutia kanisa lenye ibada ya Kiswahili, nikampa chumba chenye dirisha la jua.

Wiki chache tu, tunakunywa chai, akasema, "Nibadilishie tiketi, mwanangu. Nirudi."

Hasira zilinipanda. "Umekosa nini humu ndani, mama?"

"Sijakosa kitu."

"Sasa?"

"Mashine inafua. Mashine inaosha vyombo. Wewe unaingia, unatoka. Mimi nimekaa tu hapa kama mgeni wa harusi iliyokwisha."

Nilimwambia apumzike, amefanya kazi maisha yake yote. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Jumamosi ile nilitoka dukani na mifuko kama kawaida yangu. Nikapiga teke mlango, mama akafungua. Akatazama mikono yangu, akatazama funguo mdomoni.

"Nani kakutwisha yote hii?"

Nikatema funguo. "Mwenyewe."

"Na nani anakutua?"

"Mwenyewe, mama. Ni mifuko tu."

Akakaa chini palepale mlangoni, katikati ya viatu. "Unabeba kama mtu asiye na mama," akasema, akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi. Nilibaki nimesimama na mifuko ikining'inia, sijui niiweke wapi, maana kuiweka chini mwenyewe niliona ni kumwongezea uchungu. Mwishowe akainuka, akaanza kunivua mmoja mmoja, mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia. Alipomaliza akanisugua viwiko kwa kiganja chake. Nami nililia.

Tangu siku hiyo nikifika kwenye maegesho nampigia simu nikiwa bado garini: "Mama, nitue." Hata kama nina maziwa na mkate tu. Anashuka ngazi huku anafunga khanga kiunoni juu ya lile koti zito, analalamika kwamba nimemkatisha usingizi, na uso wote unacheka. Habari ya tiketi ikanyamaza. Nikaanza kuamini kwamba atabaki.

Kosa lilitokea kwa jirani. Ghorofa ya pili aliishi mzee mmoja wa hapahapa, mjane, mrefu, mpole. Kila Alhamisi alirudi kwa basi na mfuko wa turubai, na katika ngazi alipumzika kila baada ya hatua chache. Watu wa huku wana adabu zao: watakushikilia mlango mpaka uone aibu, lakini mzigo wako hawaugusi. Mama alikutana naye ngazini, akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Alinyoosha mkono akaukamata mfuko.

Mzee hakuuachia. Mama akavuta. Mzee akavuta. Nilisikia kitu kikichanika, halafu viazi vikibingirika kwenye ngazi kimoja baada ya kingine mpaka mlango wa chini. Nikatoka peku. Mzee alikuwa ameegemea ukuta, mwekundu usoni, na mama amechuchumaa anaokota viazi kwenye khanga huku anamfokea kwa Kiswahili. "Mtu mzima kunyang'anyana mfuko kama mtoto! Mimi nina haja gani na viazi vyako?"

Nilimwomba radhi mzee, nikamweleza kwamba kwetu ukimkuta mtu na mzigo unampokea kwanza, salamu baadaye, na kumwacha apande nao mwenyewe ni kumdharau. Aliutazama mfuko uliochanika. Kisha akauliza, kwa hiyo mtu akitaka kupokelewa, anasemaje? Nikamwambia: "Nitue." Akajaribu. Mama aliacha viazi, akashika chuma cha ngazi, akacheka mpaka akakohoa.

Ikawa ndiyo Alhamisi yao. Mzee akishuka kwenye basi anaingia, anasimama mlangoni chini, anaita "Nitue!" kwa lafudhi yake ya ajabu, na mama anashuka ghorofa zote tatu. Kisha wanakaa ngazini kupumua, na mimi nikiwa sina zamu nakaa kutafsiri. Siku moja alituhadithia habari za babu yake, aliyefanya kazi kwenye meli za nafaka katika lile ziwa kubwa la kaskazini. Babu huyo alikuwa na neno la Kiingereza cha kale, burthen, ambalo siku hizi hakuna anayelitumia. Ni mzigo, akasema, lakini wazee waliitaja meli kwalo. Hawakuulizana meli ina urefu gani au imepakwa rangi gani. Waliulizana burthen yake, yaani inaweza kubeba kiasi gani, na hapo meli ilishajulikana.

Nikamtafsiria mama. Alifikiri, akanyoosha mgongo. "Mwambie mimi nilikuwa debe la mahindi kichwani na mtoto mgongoni. Na huyo mtoto alikuwa mnene. Ni wewe."

Nikamwambia mzee. Hakucheka. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema hiyo ni meli kubwa.

Mama akakaa majira yote ya joto, na majani yakapukutika akiwapo. Lakini ruhusa yake ya kukaa nchini ilikuwa inafika mwisho, na theluji ya kwanza ilipoanguka magoti yalimsumbua mpaka akawa anashuka ngazi kinyumenyume. Nilitaka tuombe aongezewe muda. Alikataa, taratibu, na safari hii sikuweza kumkasirikia. "Nilitaka kuondoka kwa sababu sikuwa na kazi," alisema. "Sasa naondoka kwa sababu nimechoka. Hiyo ni safari njema." Kisha akauliza, "Lakini nani atakutua?"

"Mwenyewe," nikasema, nikifanya mzaha. Hakucheka.

Alhamisi alimtua mzee mfuko wake kwa mara ya mwisho, wakaagana kwa mikono, kila mmoja kwa lugha yake. Ijumaa asubuhi nikampeleka uwanja wa ndege. Nilirudi mchana, nikakaa kitandani kwake, kwenye jua la lile dirisha. Juu ya mto alikuwa ameniachia khanga yake, ameiviringisha vizuri ikawa ngata. Niliiweka kichwani. Haikuwa na kitu cha kushikilia, nikaivua. Nilijuta kumleta, maana kabla hajaja sikujua nyumba hii ilikuwa kimya kiasi gani.

Ndipo nikasikia kutoka chini: "Nitue!"

Nilidhani mzee amesahau kwamba mama ameondoka, na moyo uliniuma kwa ajili yake. Nikashuka. Alikuwa amesimama pale mlangoni na mfuko wake wa turubai, ule ulioshonwa kishikio na mama kwa uzi mweusi. Nikampokea kabla ya salamu. Ulikuwa mwepesi. Ndani mlikuwa na mkate mmoja, umeshakatwa vipande kadhaa. Nje theluji ilikuwa imefika vifundoni, nikatazama miguu yake: amevaa ndara za ndani, kavu kabisa.

Hakuwa ametoka popote. Alikuwa ameshuka kutoka nyumbani kwake ili aniite.

Akageuka, akaanza kupanda. Niliubeba ule mkate kwa mikono miwili, ngazi kwa ngazi, yeye mbele akipumzika, mimi nyuma nikimsubiri, nalia bila kujificha, mpaka mlangoni kwake.