Suti Mbili Juu ya Meli Iliyokufa

Wazo ya kwenda kupiga picha kwa ile meli ilikuwa yangu. Nasema mapema, sitaki mtu amlaumu rafiki yangu.

Siku hiyo alikuwa anaenda kujitambulisha kwa wakwe, huko kijiji cha Pap Onditi, saa saba mchana. Mimi ndio msemaji wake. Tulikuwa kwa suti tangu asubuhi, na nikamwambia, omera, ndugu yangu, huwezi oa bila picha ya maana. Hiyo meli imelala ubavu nje kidogo ya Kisumu tangu kabla tuzaliwe, kutu tupu, na mti umemea mahali kapteni alikuwa anasimama. Nusu saa tu, tunarudi.

Mwenye boti akatupeleka, tukapanda juu. Haikuchukua muda akaita kutoka chini.

"Vijana, shukeni. Upepo imegeuka."

"Ngoja, Baba. Hatujapiga ya mbele."

"Magugu-maji inakuja."

"Si ni majani tu? Unaogopa mboga?"

Akarudi kukaa kando ya injini yake.

Tulipomaliza, maji haikuwa maji tena. Ilikuwa shamba. Kijani kutoka kwa meli mpaka mahali macho inaishia, na boti katikati kama imepandwa. Mwenye boti akavuta injini mara tatu, mizizi ikashika propela, ikazima.

"Haya, kula mboga yako," akaniambia.

Kutembea juu yake huwezi, viboko hukaa chini ya hayo majani. Na upande wa nchi kavu ni matope ya kumeza ng'ombe.

Saa tano na nusu anko ya rafiki yangu akapiga. Yeye na wazee walikuwa wametangulia. Nikashika simu haraka, sikutaka jamaa yangu aaibike.

"Tuko Ahero, anko. Kuna jam kidogo."

"Ahero wapi?"

"Hapa kwa stendi."

"Hata sisi tuko kwa stendi, tunawangoja. Nimesimama kando ya mama muuza nyanya. Hebu inua mkono nikuone."

Naapa, mkono yangu iliinuka yenyewe, huko juu ya meli.

Rafiki yangu akaninyang'anya simu. Akasema ukweli yote, polepole, mpaka ile maneno ya mboga.

"Sasa tukifika huko peke yetu tuseme nini?" anko akauliza. "Umeolewa na samaki?"

"Waambie nimekwama."

"Hiyo boma hatuingii bila wewe mwenyewe. Tunarudi nyumbani." Akakata.

Baadaye msichana wake akatuma meseji moja: *Mama ashachinja.* Rafiki yangu aliisoma, akaweka simu mfukoni. Akavua koti, akaikunja vizuri, akashuka kwa boti, akaomba panga na kuanza kukata mizizi. Nikashuka nimsaidie.

"Wewe kaa," akasema. Hata hakuniangalia.

Nikakaa. Kila alipokata, upepo ilileta magugu ingine.