Mwaka Sindano ya Dira Ilipotuzuia Kupanda

Bwana wangu alikuwa na dira aliyoachiwa na babu yake, mutu wa misafara. Kwa dira hiyo wazee wao walichora alama ya kibla kwenye sakafu ya baraza yetu, hapa Kasongo. Siku moja, Wabelgiji wakingali wanatawala, aliiweka pale chini akaona sindano imeachana na alama. Kidogo tu, unene wa punje ya mpunga. Lakini, ee Mungu wangu, punje ile ilinitesa!

Akamkimbilia muzungu aliyekuwa akipima barabara ya Kabambare. Muzungu akamwambia ni kweli: nguvu ya sumaku ya dunia inahama polepole, mwaka kwa mwaka, na sindano inaifuata.

"Na mvua je, nayo inahama?"

Muzungu akainua mabega: hakuna anayejua. Aka! Kwa mabega yale mawili bwana wangu akajitengenezea elimu.

"Mama watoto, majira yamehama," akaniambia. "Mvua itachelewa. Tukipanda sasa, mbegu itakufa."

"Nani amekuambia?"

"Iko wazi."

Wazi wapi? Ngurumo zilikwisha anza, majirani wote wako shambani, na mawingu yanatokea upande ule ule wa siku zote. Yeye amefungia mbegu sandukuni. Nilimwomba, nikagomba, nikamtuma hata shemeji yangu. Wapi! Mvua iliponyesha, tena kwa wakati wake, akasema hiyo ni ya kudanganya tu. Wallahi, nilitamani kuitupa ile dira chooni.

Mwezi ukapita, akaja agronomu wa serikali kukagua mashamba. Letu lilikuwa magugu matupu. Habari ya sumaku hakuuliza. Kutopanda kulikuwa kosa kwa sheria ya Wabelgiji, basi alimtia bwana wangu buloko, gerezani, siku saba.

Nilimpelekea chakula. Akauliza mpunga wa jirani umefika wapi.

"Magotini."

Akasema, "Basi sindano imenidanganya."

"Sindano haikusema kitu, bwana! Ilisogea tu. Mengine yote ulisema wewe."

Siku ile ile nilivunja sanduku kwa jembe. Wadudu walikuwa wamekula zaidi ya nusu ya mbegu. Iliyobaki niliipanda peke yangu, nikilia kwa hasira, na mwaka ule watoto wangu walikula wali kwenye nyumba za watu.