Siku Niliyokataa Kutumbukia Kwenye Unga

Masizi yana harufu yake, nzito na chungu, na hainitoki puani. Jumamosi iliyopita nilikuwa nasaidia kusugua masufuria ya harusi ya binamu yangu, yale makubwa ya pilau yanayopikiwa kwa kuni, na weusi ule uliponigusa kiganja nikarudi ghafla kuwa na miaka tisa, nimesimama nyuma ya jukwaa la shule, mwalimu akinijia na kopo mkononi.

Tulikuwa tukiishi kota za polisi hapa Kampala. Baba alikuwa koplo, mtu wa kaskazini, Mkristo. Mama alikuwa Mnubi, Mwislamu. Bibi mzaa mama, tuliyemwita Haboba, alisuka vikapu mlangoni na kutawala kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa bunduki ya Baba. Mimi nilizaliwa mweusi kuliko wote, kana kwamba weusi wa Baba na wa Mama ulikutana ukapatana bila kubishana bei.

Shule yetu ilikuwa upande wa Mulago. Vitabu vilikuwa haba: watoto sita tulizunguka kimoja, na waliokaa upande wa pili walijifunza kusoma maneno yakiwa kichwa chini. Kwa hiyo sanduku la vitabu lilipofika kutoka Ulaya, Madamu Nalongo, mwalimu wetu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaa mapacha, alilifungua polepole. Alikuwa mwalimu mzuri. Nawaambia mapema msije mkamchukia kabla sijamaliza.

Kitabu alichokipenda kilikuwa na picha za rangi kali. Mtoto mweusi, macho ya mviringo kama visahani, midomo myekundu iliyomeza nusu ya uso, anaiba mkate jikoni kwa watu. Akikimbia anatumbukia katika pipa la unga na kutoka mweupe, na mji mzima unampenda, unamkaribisha mezani. Kisha mvua inanyesha, unga unaoshwa, wanamfukuza. Basi, hadithi imekwisha. Darasa zima lilicheka, nami nilicheka. Kufikia mapumziko nilikuwa nimeshapewa jina lake.

Wageni waliotuma sanduku walikuwa wanakuja kututembelea, na Madamu akaamua tuwaigizie hadithi hiyo. Akanichagua mimi. Sikuwahi kuchaguliwa kwa lolote, hata kufuta ubao. Aliniambia kwamba mimi sitahitaji masizi mengi ya kupakwa usoni, na alilisema kwa upole, kama mtu anayesifu mwandiko. Nilikwenda nyumbani nikirukaruka, kitabu kimo mkobani.

Haboba hakujua kusoma, kwa hiyo hadithi haikuweza kumdanganya. Aliona picha tu. Akauliza hiki ni nini. Nikamjibu kwamba ni mtoto, tena ni mimi, siku ya Jumanne, mbele ya wageni. Akaweka kikapu chini. Akashika kidole changu akakipitisha juu ya mdomo wangu, kona hadi kona, halafu akakiweka juu ya mdomo wa pale kwenye picha. Kidole kikapotea ndani ya wekundu ule.

"Aliyechora hii hajapata kukuona," alisema, akarudi kwenye kikapu chake.

Jumanne ikafika. Madamu alikuwa amechanganya masizi na mafuta ya kupikia ndani ya kopo, na mkono wa pili ameshika rangi ya midomo yake mwenyewe, ile aliyoipaka siku za harusi tu. Nikafunga mdomo, nikarudi nyuma hadi ukutani, nikamwambia sipakwi. Alidhani naona haya. Ngoma zilikuwa zimeshaanza, hakukuwa na wakati wa kubembelezana, akanisukuma jukwaani nilivyo.

Nikakimbia na mkate kama tulivyofundishwa. Nikafika kwenye beseni la unga, nikasimama. Nyuma yangu wenzangu walininong'oneza, tumbukia, tumbukia. Nikautazama ule unga. Ulikuwa unga mzuri wa mahindi, wa kutosha uji wa darasa zima.

"Mimi siingii," nikasema, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe. "Niko sawa hivi."

Kisha, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaula ule mkate.

Wageni walipiga makofi sana. Walidhani ndivyo hadithi inavyokwisha.

Mwalimu mkuu hakudhani hivyo. Baba aliitwa kesho yake, akaja na sare yake, kofia kwapani. Akaelezwa kwamba nimeiaibisha shule mbele ya wafadhili, kwamba lazima nichapwe mbele ya wanafunzi wote na kuomba radhi. Madamu Nalongo alisimama dirishani akitazama nje. Baba aliomba kukiona kitabu. Akakisoma chote, akilowesha kidole kwa ulimi kila alipofunua ukurasa, kama anayesoma maelezo ya mshtakiwa. Niliogopa, maana Baba alikuwa mtu wa amri, na sikuwahi kumwona akipinga neno la mkubwa yeyote.

"Afande, unaona mwenyewe, ni mchezo tu," mwalimu mkuu akasema.

"Mimi naona," Baba akajibu kwa Kiswahili chake cha kota. "Hii si mtu. Mtoto yangu ni mtu. Viboko hapana."

Akaambiwa kwamba basi shule haina nafasi ya mtoto asiyetii. Baba akavaa kofia, akanishika mkono, tukatoka.

Nilimalizia shule ya msingi Kawempe, saa nzima kwa miguu kwenda na saa nzima kurudi, katika matope yasiyo na huruma. Mama aliililia ile shule ya kwanza wiki nzima. Baba hakunisifu hata mara moja. Alininunulia buti za mpira.

Nilikuwa mtu mzima nilipokutana tena na kitabu kilekile katika soko la mitumba la Owino, chini ya rundo la nguo kuukuu. Nikakinunua. Tangu hapo wachuuzi wananijua, wakipata vya aina ile wananiwekea, na leo nina rafu nzima sebuleni. Dada yangu hakubali kukaa kwenye kiti kinachoitazama. Anasema nafuga nyoka, nivichome. Baba alipokuwa hai ndiye aliyemjibu, kwamba polisi haichomi kizibiti.

Nilichokuwa sikijui nikiwa mtoto nilikikuta kwenye ukurasa wa kwanza wa kile cha Owino. Kuna mhuri wa maktaba ya huko Ulaya, na juu yake mhuri mwekundu unaosema kitabu hiki kimeondolewa. Vingi kwenye rafu yangu vina mhuri kama huo. Maana yake ni kwamba kuna mtu huko aliyeitazama picha ile akaona alichokiona Haboba, akaiondoa mbele ya watoto wao. Halafu hakuitupa. Aliifungia sandukuni, ikaja kwetu. Na Madamu Nalongo, aliyetoa rangi yake ya harusi, aliletewa taka za watu akaambiwa ni zawadi, akashukuru. Nilimchukia miaka mingi. Sasa hasira yangu inajua pa kwenda.

Mwaka jana mama mmoja mgeni, mfanyakazi wa mradi fulani wa elimu, alifika kwangu akaiona rafu. Akaniambia kwa adabu kwamba vitabu hivi vinaumiza, kwamba kwao havionyeshwi tena, na kwamba angeweza kuvichukua viharibiwe kwa utaratibu. Nikamwambia vilikuja hapa bila kuulizwa, na havitaondoka kwa kuombwa. Nikamtilia chai, nikachomoa kimoja, nikakifungua mbele yake.

"Sawa, mama," nikamwambia. "Kwanza nisomee. Kwa sauti."