Mkwe Aliyepita Bila Kusalimu

Muulize mgeni ni jambo gani linaloweza kumfedhehesha mwanamume mbele ya wakwe zake, naye atakutajia ulevi au uvivu. Mfipa wa umri wa kutosha atakwambia: kupita bila kusalimu. Kwetu salamu haiishii mdomoni. Unasimama, unatua ulichobeba, unakunja magoti, unapiga makofi polepole huku ukiuliza habari za nyumba, za ng'ombe na za shamba, na mwenzako anakuitikia kwa makofi yake. Kwa baba mkwe magoti hugusa ardhi, hata njia ikiwa tope.

Eustaki, wa kijiji kipya kilicho mlimani juu ya Mollo, huko Sumbawanga, alilelewa hivyo. Na adabu hiyo iliwahi kumng'oa jino.

Ilikuwa mwaka 1973, naye yuko Urusi, upande wa Asia, alikopelekwa na serikali kusomea ufundi wa matrekta. Kila majira ya baridi chuo kiliwapeleka wanafunzi milimani kwa wiki mbili wajifunze kuteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda ncha, zinazovaliwa miguuni huku mikono imeshika fimbo mbili za kujisukumia. Halikuwa jambo la hiari. Lilikuwa na mtihani, na aliyeshindwa hakupanda mwaka wa pili. Eustaki alijua maana yake: kurudishwa Sumbawanga bila cheti, baada ya kijiji kizima kumsindikiza hadi kwenye basi.

Walisafiri siku nzima kwa basi, kisha wakapakiwa kwenye lori lililofungwa minyororo magurudumuni. Huko juu palikuwa na hoteli moja ya mbao, waya wa kupandishia watu, na baada ya hapo si nyumba wala mti, weupe mtupu mpaka mbinguni. Wanafunzi wa nchi za tambarare walitoka damu puani, wakahema kwa kupanda ngazi tatu. Eustaki, mtoto wa nyanda za juu, alipumua kama yuko nyumbani. Shida ilianza alipovishwa mbao.

Mwalimu wao alikuwa mzee aliyeitwa Temir, mfupi, uso umekunjamana kwa jua na baridi. Aliwafundisha mambo matatu tu: kunja magoti, elekeza kifua bondeni, na litokee lolote, usiachie fimbo. Kwenye magoti hakuna aliyemfikia Eustaki. Wenzake walisimama wima kama nguzo za simu wakaanguka kama nguzo za simu, yeye alikunja magoti kama aliyefanya kazi hiyo tangu ana miaka mitatu, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Temir alimsifu mbele ya wote.

Siku ya mtihani alishuka vizuri mpaka nusu ya mteremko. Hapo akamwona mzee Temir amesimama kando ya njia, mikono nyuma, anamtazama. Mzee amesimama, kijana anapita. Mwili wa Eustaki ukafanya ulicholelewa kufanya: akaachia fimbo zote mbili, akakunja magoti mpaka mwisho, akapiga makofi. Mbao zile husikiliza magoti, hazisikilizi adabu. Zilichomoka kama mshale, akamkumba mwalimu, wakabiringika pamoja hadi kwenye wavu wa chini. Alipoinuka alitema jino la mbele juu ya theluji.

Ambakisye, Mnyakyusa wa Mbeya aliyesoma naye darasa moja, alikuwa wa kwanza kufika. Alimpangusa damu kwanza, kisha akasema, "Bwana Eustaki, hizi salamu zenu zitakuja kuua mtu."

Ni yeye aliyemweleza Temir kilichotokea. Mzee alikaa kitako kwenye theluji akisikiliza, halafu akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akamwamuru Eustaki arudie. Safari hii mwalimu alisimama pale pale, lakini amegeuka, amempa mgongo, ili asisalimiwe. Eustaki alifaulu.

Alirudi mwaka 1975 na cheti, pengo, na jozi ya viatu vizito. Trekta hakulikuta. Kijiji chao nacho kilikuwa kimehamishwa. Watu waliambiwa wasogee pamoja ili barabara, maji na zahanati viwafikie, nao wakabomoa nyumba zao wakasogea kwenye kilima kilichochaguliwa na watu waliokiona kwenye ramani. Watu walisogea, barabara haikusogea. Zahanati ilibaki Mollo, mwendo wa saa tatu kushuka. Eustaki hakukaa kulalamika. Alitengeneza plau za shamba la ujamaa, akanoa majembe, akafundisha vijana kufua chuma, kwa sababu aliamini, na aliamini kweli, kwamba elimu aliyolipiwa na wakulima ni mali ya wakulima.

Jambo moja tu alilifanya kwa raha yake. Alichonga mbao mbili kama zile za mlimani, akazipaka mafuta ya ng'ombe, na Jumapili za masika akateleza nazo kwenye majani mabichi nyuma ya kanisa. Watoto walishangilia. Watu wazima wakamwita Bwana Utelezi. Mzee Polikarp, baba wa mkewe Klementina, alikuwa na lake alilolisema taratibu kwenye pombe ya ulezi: amemwoza binti yake kwa mtu aliyepelekwa Urusi kujifunza kuanguka. Maneno yalimfikia Eustaki. Aliyameza, na kila walipokutana alipiga magoti chini akapiga makofi kama kawaida.

Januari 1977 Klementina alishikwa na uchungu wa mimba yao ya kwanza. Kufika saa nne asubuhi Bertilla, mkunga wa kijiji, alitoka ndani akijifuta mikono akasema mtoto amelala kikingama, hawezi kumtoa, apelekwe Mollo mara moja. Mtu alitumwa mbio kumwarifu mzee Polikarp, ambaye nyumba yake ilikuwa chini. Wanaume wanne waliandaa machela. Kabla hawajaiinua, mvua ya mawe ikashuka, ikapiga mabati ya shule kwa nusu saa hivi, na ilipokoma mteremko wote kuanzia kanisani ulikuwa mweupe.

Wabebaji walienda hatua thelathini. Wa mbele akateleza, machela ikainama, Klementina akapiga ukelele. Wakavua viatu, wakajaribu tena, akaanguka wa nyuma. Flavian, aliyekuwa akiwaongoza, akasema basi, tusubiri iyeyuke.

"Mvua ya mawe ina saa yake na mtoto ana saa yake," Bertilla akamjibu. "Msizichanganye."

Eustaki alikuwa ameshika mkono wa mkewe. Aliinua macho akautazama ule mteremko, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaona kitu anachokijua. Kama kunateleza, akawaambia, basi na tuteleze.

Alikimbia nyumbani, akavaa viatu vyake vya mlimani, akarudi na zile mbao. Wakazifunga chini ya machela kwa kamba za ngozi, moja kila upande. Flavian na mwenzake wakashika kamba nyuma ili kuizuia isichomoke. Eustaki akasimama mbele, katikati ya miti miwili ya machela, akakamata mti mmoja kila mkono. Hakuna aliyecheka. Klementina, jasho linamtiririka, akafumbua macho.

"Eustaki, ukiniangusha, nitazaa kwanza, halafu nitakuua."

"Sawa, mama," akasema, akakunja magoti.

Machela iliondoka. Visigino vya Eustaki vililima mifereji kwenye barafu, kamba zikawakata viganja wale wa nyuma, na kilima kilichowachosha kwa miaka mitatu kikaanza kuwafanyia kazi. Walivuka shamba la ulezi, wakakata kona ya kichuguu. Ndipo, kwenye kona ya pili, akamwona mzee Polikarp.

Mzee alikuwa anapanda kuja kwao. Alishasikia vishindo, alishajitenga kando ya njia, na kikapu chake cha unga alishakitua chini, kama inavyompasa mtu anayengoja kusalimiwa na mkwewe. Eustaki alihisi vidole vyake vinalegea juu ya miti ya machela. Hakuvituma, vilijua vyenyewe pa kwenda. Nyuma yake kulikuwa na mke na mtoto, na uzito wote ule ulikuwa unangoja tu aachie ili ubiringike.

Litokee lolote, usiachie fimbo.

Akakaza. Akampita baba mkwe kwa kasi bila kusimama, akimrushia barafu na tope mpaka kiunoni. Alitamka shikamoo, ila upepo uliichukua upande mwingine.

Barafu iliishia juu kidogo ya Mollo. Watu waliokuwa shambani walitupa majembe wakaja kuibeba machela mabegani hadi zahanati, ambako muuguzi Cornelia alimpokea Klementina na kufunga mlango. Eustaki alikaa kwenye benchi. Hakuondoka hapo mpaka aliposikia sauti ndogo, kali, yenye hasira ya mtu aliyesumbuliwa.

Cornelia alifungua mlango. Mtoto wa kike, alisema. Alikuwa amemgeuza. Mama amechoka lakini ni mzima. Wangechelewa saa moja zaidi, yeye asingekuwa na la kumwambia.

Eustaki alilia bila kujificha. Alikuwa bado anajifuta alipomwona mzee Polikarp anaingia uani, fimbo mkono mmoja, kikapu mkono wa pili, suruali imelowa tope. Eustaki alishuka ngazi za zahanati, akapiga magoti pale pale kwenye maji ya mvua, akaanza makofi.

Mzee hakuitikia. "Binti yangu?"

"Mzima, baba. Na mjukuu umepata, wa kike."

Polikarp alikaa kwenye ngazi. Alitazama kikapu. Akasema, "Nilikuwa nimeshatua kikapu."

"Nilikuona, baba."

"Nikasema moyoni, huyu sasa amesoma mpaka mwisho, hata salamu ameacha. Halafu nikaona uliyembeba." Akavuta pumzi. "Ungesimama kunisalimu, Eustaki, nisingekusamehe."

Akaweka fimbo yake ukutani. Kisha yeye, mzee, akaanza kupiga makofi kwanza, polepole, yote kama yanavyotakiwa, akamuuliza mkwewe habari za huko juu, habari za nyumba, habari za ng'ombe, habari za shamba. Eustaki alijibu moja baada ya nyingine, magoti kwenye maji baridi. Ndani mtoto alikuwa ameanza kunyonya, na hapakuwa na mtu yeyote aliyehitaji kuharakisha.