Masizi ya Ndege ya Kassiani

Kassiani wa mtaa wa Nsemulwa, Mpanda, hajawahi kupanda ndege, lakini muulize masizi ya ndege ya kivita hukaa wapi, mtakesha. Kazi yake ni kupiga rangi magari na kuandika vibao vya maduka. Mji mzima umejaa herufi zake, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza nani kaandika. Hilo lilimkera, msimwone anacheka.

Ndiyo maana akachonga ndege ya kivita ya mti. Mninga mtupu, urefu wa mkono, vipimo kavitoa kwenye picha za simu. Wengine wakishachonga hupaka rangi ya kung'aa kama sufuria mpya, wakaridhika. Yeye alisema ndege ya vita haing'ai, inafanya kazi. Akaififisha rangi mgongoni panapopigwa jua, akaikwangua bawani mafundi wanapokanyaga, akapaka masizi ya kibatari kwa kidole nyuma ya bomba la moshi. Hata ubao wa kuisimamishia aliufanya lami yenye viraka na oili iliyomwagika. Mkewe Paskalia alipoiona, alichukua kitambaa aifute vumbi. Mama wee! Kassiani alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka.

Yakaja maonyesho ya kazi za mikono pale mjini. Kassiani alitaka kitu kimoja tu: jina lake lisomwe chini ya kazi yake. Asubuhi hiyo alikuwa na gari la mteja la kumalizia, kwa hiyo ndege akampa Ndaki, dereva wa bajaji, atangulie nayo. Ndaki Msukuma, Kassiani Mfipa: watani, tena walioshibana. Ndaki ndiye aliyekaa naye kibarazani siku zote za kupaka, akiuliza hili na lile. Angemwamini nani mwingine?

Alipofika ukumbini, watu walikuwa wameizunguka meza. Chini ya ndege palikuwa na kikaratasi: "Kazi ya Ndaki." Na Ndaki mwenyewe kifua mbele, anaeleza: "Ndege ya vita haing'ai, mama, inafanya kazi." Neno kwa neno! Kassiani akapenya katikati ya watu mpaka mezani.

"Ndaki, hiyo ndege ni yangu."

"Mnamwona huyu?" Ndaki akaangua kicheko. "Mfipa, mtani wangu. Jana kadai viatu vyangu, leo kaja kudai ndege!"

Ukumbi mzima ukacheka.

"Haki ya Mungu, nimeichonga kwa mikono yangu hii!"

Wakazidi. "Watani hawa, nyie mtawaweza?" Mama mmoja alijifuta machozi kwa kucheka. Kila alichosema Kassiani, kikawa utani. Mwizi wa kawaida unampigia kelele, watu wanakuja kukusaidia. Mtani akikuibia, unampigia nani kelele? Hapo ndipo moyo ulipomuuma kweli.

Akamsogelea. "Sikia, Ndaki. Utani wetu umekwisha. Siku nikifa usije kulala kaburini kwangu ukidai ng'ombe, kama watani wafanyavyo. Usishike jembe. Usikanyage msibani. Watanizika watani wengine."

"Hata kifo anakileta kwenye utani!" mtu akapaza sauti, na makofi yakalipuka.

Ndaki peke yake hakucheka. Aliinamisha macho. Kisha akakinyoosha kile kikaratasi ili kisomeke vizuri, akamgeukia mgeni aliyefuata, akaendelea kueleza.