Kifuniko Kisichopumua

Hakujapambazuka vizuri, na tayari Félicité anagombana na sufuria. Yuko jikoni mwake, ghorofa ya saba, mtaa wa Albert Park jijini Durban, kitenge kiunoni na mwiko mkononi. Sombe, kisamvu cha Kikongo, inachemka. Povu la kijani linakisukuma kifuniko, linateremka ubavuni mwa sufuria na kuzima moto wa jiko la gesi.

"Ona! Ona sasa! Eish, hii kifuniko haina akili," anasema, huku akipangusa jiko kwa kitambaa ambacho kimeshachoka kwa kazi hiyo.

Anawasha tena. Anachomeka kijiko cha mbao kati ya sufuria na kifuniko ili mvuke upate pa kutokea. Kifuniko chenyewe ni kipya, kinang'aa kiasi kwamba unaweza kujitazama ukachana nywele. Kinafunika barabara, hakuna hata upenyo wa sindano. Kosa lake ni hilo.

"Cha zamani kilikuwa kinapumua," anasema mama huyu wa miaka hamsini na minne. "Hiki ni cha dukani. Kile kilikuwa cha maman yangu."

Félicité anaishi kwa sufuria. Kila siku ya kazi hupika sombe, maharage na ndakala, wale dagaa wakavu, akateremsha ndoo za chakula kwa ngazi kwa sababu lifti ya jengo lao ina tabia zake, kisha akawapelekea wasusi, vinyozi na mafundi simu wa katikati ya jiji. Wengi ni Wakongomani wenzake. Sahani moja ni randi hamsini, na siku njema hurudi nyumbani na ndoo tupu. Siku mbaya, familia inakula sombe asubuhi, mchana na jioni.

Lakini mwandishi wa makala haya hakupanda ngazi za ghorofa saba kwa ajili ya sombe, ingawa aliila na hakujuta. Alipanda kwa sababu ya kitu kilichoanikwa dirishani: trei ya kuokea mikate, imejaa gololi za udongo, zimepangwa kama maandazi madogo.

"Hizo ni risasi," anasema Félicité, na kucheka.

Ni risasi za manati. Kila Jumapili baada ya misa, mama huyu huvaa raba, huchukua manati yake ya mti wa mpera na kwenda kulenga shabaha. Udongo anaufinyanga mwenyewe juu ya meza ya kulia. Zamani kulikuwa na jirani wa ghorofa ya nne, mama Bonheur, ambaye kila akipata mimba alikuwa anapanda kuomba gololi za kutafuna. "Watoto watatu wamekua kwa risasi zangu," anasema. "Nikikosa shabaha, nilikuwa nasema, ile nzuri ameila mama Bonheur."

Habari ya manati inaanzia mbali na Durban. Félicité alizaliwa Kiliba, kwenye bonde la Ruzizi, karibu na Uvira. Mama yake alilima mpunga. Mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege walishuka kwa maelfu, na watoto wote wa bonde walikuwa na kazi moja tu: kulinda.

"Wenzetu walikuwa wanapiga ndege," anakumbuka. "Maman alikuwa anasema, ndege ni wengi, utapiga wangapi? Yeye alichukua kifuniko cha sufuria, akakitundika kwenye mti katikati ya shamba. Ndege wakishuka, tunapiga kifuniko kwa manati. Kinalia, wote wanaruka mpaka Burundi kule! Jioni anakishusha, anakiosha, anafunika maharage. Njo vile tulikuwa tunaishi."

Tena mama huyo hakuruhusu mawe. Ni udongo tu. Jiwe linatoboa bati, na likianguka shambani litamngoja mtu mwaka mzima ili limvunje jino. Udongo ukikosa shabaha, mvua inaurudisha shambani. Félicité anayasema haya taratibu, akikoroga, na kwa muda unaona kabisa kwamba hayuko Albert Park.

Vita vilipomtoa Kiliba akiwa msichana, alikimbia na sufuria iliyofungwa ndani ya kitenge pamoja na kifuniko chake. Akapitia kambini Kigoma, akashuka hadi Durban. Sufuria ile ilitoboka. Iliyofuata nayo ikatoboka. Kifuniko kikabaki. Mama yake alifia Kiliba, na yeye hakuwa na njia ya kwenda kumzika. Hana hata picha yake moja.

"Watu wanabakiza picha," anasema. "Mimi nilibakia na sauti. Kikilia, nasikia mtu ananiita kutoka shambani."

Sasa ingia mume. Gustave ni fundi wa kunyoosha bodi za magari huko Jacobs. Gari likigongwa, yeye hulirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Ni mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona bati lenye bonde akalipita. Krismasi moja, walipokuwa bado wachanga katika ndoa, aliamua kumfanyia mkewe sapraizi. Alikibeba kile kifuniko hadi kazini kwa siri, akakinyoosha, akakisugua, akakifunga kwa karatasi ya zawadi.

"Nilifikiri atanibusu," anasema Gustave.

Félicité alilia hadi macho yakavimba. Sufuria nayo ikaanza kumwaga, maana mvuke ulikuwa ukitokea kwenye yale mabonde yaliyoachwa na gololi za shambani. Binti yao, Larissa, anayeuza simu mjini, amesikia kisa hiki mara nyingi kuliko Baba Yetu. "Papa aliharibu kifuniko kwa kukitengeneza," anasema. "Ni yeye peke yake duniani."

Huo ndio mwanzo wa mchezo wa Jumapili. Félicité alitaka mahali pa kukipiga kifuniko hadi kirudi kuwa chenyewe, na mjini huwezi kuvuta manati bila kuvunja dirisha la mtu. Aliyemwokoa ni Yacoob, dereva wa basi mstaafu aliyekuwa mteja wake wa maharage. Yacoob amezaliwa Durban. Wazee wake waliletwa kutoka upande wa Zanzibar, na Kiswahili chake ni kile alichoachiwa na bibi yake: kidogo, kizee, kitamu. Utotoni, kule Bluff, kabla serikali ya makaburu haijaihamishia familia yake Chatsworth, alikuwa akilenga makopo kwa manati kutwa nzima.

"Nikamwambia, dada, mimi nina kilima," anasema Yacoob.

Kilima hicho kiko nje kidogo ya Pinetown: mteremko wa nyasi, mbuzi wachache, mizinga ya nyuki, na mkaratusi mmoja mkavu upande wa mbali. Wakaanza wawili. Leo ni kikundi cha watu wanane hivi, wake kwa waume. Wanapanga makopo na vizibo, wanataniana, wanakunywa chai. Mwandishi alipewa manati akajaribu. Hayo tuyaache.

Kifuniko cha Félicité kilikuwa shabaha ya mwisho, kwenye mkaratusi. Wana sheria moja ambayo hakuna anayekumbuka nani aliitunga: hakuna kurudi nyumbani mpaka kifuniko kilie. Giza liingie, mvua inyeshe, lazima mtu mmoja akipate. Kikishalia, Yacoob husema, "Imelia. Twende nyumbani." Félicité hukishusha, hukipeleka Albert Park na kukiosha, na Jumatatu kinafunika sombe. Mabonde yalirudi. Sauti ikarudi. "Haikuwa mikono ya maman," anasema, "lakini ilikuwa sauti yake."

Kisha ukaja mwezi wa nane. Wakazi wa huku wanaujua msimu huo: nyasi zimekauka hadi zinalia ukizikanyaga, na siku nyingine upepo wa joto unashuka kutoka milimani, unakausha hadi midomo. Jumapili hiyo Yacoob alikataza hata moto wa chai. Walikuwa wamefika kwenye shabaha ya mwisho. Félicité ameshavuta mpira wa manati, jicho moja limefungwa, ndipo mtu akasema, "Mbona kunanuka moshi?"

Moto ulitokea nyuma ya kilima. Hakuna anayejua ulianzia wapi. Yacoob alifungua zizi, mbuzi wakatoka mbio, watu wakakimbilia pikapu. Félicité hakukimbilia pikapu. Aligeuka kuelekea kwenye mkaratusi.

"Nilimshika mkono," anasema Gustave. "Akanipiga. Sikumwachia. Nilimbeba kama gunia."

"Alinibeba," Félicité anakubali, na uso wake unabadilika. "Nilikuwa naona kifuniko kinang'aa kwenye moshi. Kilikuwa karibu! Franchement, kusema kweli, nilimchukia. Naomba Mungu anisamehe, lakini nilimchukia bwana yangu."

Hakuna aliyeumia, na majirani waliokoa nyumba zao. Lakini kwenye flati ya Albert Park moto uliendelea. Kwa wiki tatu Félicité hakumwambia mumewe neno zaidi ya "chakula iko mezani". Chakula hicho alikipika amefunika sahani juu ya sufuria. Gustave akaenda dukani, akanunua kifuniko kipya kwa nia njema kabisa, akakiweka jikoni bila kusema kitu. Ndicho hiki kinachomwaga sombe kila asubuhi.

"Majuto ni mjukuu," anasema Gustave kwa sauti ya chini, mkewe akiwa ameingia chumbani. "Lakini ningefanyaje? Kifuniko nitakinunua kingine. Yeye nitamnunua duka gani?"

Jumapili hii Yacoob ameruhusu watu warudi kilimani. Mwandishi amebanwa kwenye pikapu katikati ya Larissa na begi la Gustave, ambalo Gustave hataki liguswe. Félicité amekaa mbele.

Kilima ni cheusi chote, kama mtu amekimwagia wino, ila huku na huku majani mapya yameanza kutokeza. Mizinga imekwisha. Mbuzi wapo, wanalalamika. Mkaratusi umeanguka. Yacoob anasema gogo lake liliwaka siku mbili nzima, hata mvua ya rasharasha haikulizima.

Félicité anatembea hadi kwenye gogo, kisha anasimama. Kuzunguka kisiki, kwenye majivu, zimetapakaa gololi. Ni zake, zile zilizokosa shabaha miezi yote ya kiangazi. Mvua haikuwahi kuzirudisha ardhini. Moto ukaziwahi, ukazichoma zikawa nyekundu na ngumu kama kigae. Anaokota moja, anaigonga kwa jino.

"Maman angenigombeza," anasema. "Hizi zote nilikosa."

Gustave amepiga magoti, anachambua majivu kwa mikono yake mikubwa. Anachimba muda mrefu. Hatimaye anainuka na kitu kiganjani: bonge la bati, limeyeyuka, limejikunja, upande mmoja tu bado una ukingo wa duara. Mkewe analipokea. Analigeuza, kisha analirudisha mikononi mwa mumewe.

"Papa Larissa," anasema. Ni mara ya kwanza kumwita hivyo tangu moto. "Unaweza kulinyoosha?"

Gustave, ambaye amenyoosha magari yaliyokunjwa na malori, analitazama kwa makini kama fundi. Analibonyeza kwa kidole gumba. Macho yanamjaa machozi.

"Hili hapana, mama Larissa. Nisamehe. Hili hapana."

Analia yeye kwanza, kisha mkewe, na Larissa anajifanya kutazama mbuzi. Mwandishi naye alipata moshi machoni, ingawa moto ulizimika zamani.

Baadaye, Gustave anafungua begi lake. Anatoa kifuniko kipya, kile cha jikoni, bado kina tone la sombe ukingoni. Amefunga waya kwenye kishikio chake. Bila kumtazama mtu, anakwenda nacho hadi kwenye nguzo ya zizi iliyosalia, anakitundika, anarudi na kusimama nyuma ya mkewe.

"Piga," anasema.

"Utaweza kuangalia bati likipigwa?"

"Nitafumba macho. Piga, mama. Siku ile haijaisha. Kifuniko hakikulia."

Félicité anachukua gololi. Si zile nyekundu. Hizo amezitia mfukoni pamoja na lile bonge. Anachukua ya udongo mtupu, ya dirishani. Ya kwanza inapita juu. Ya pili inapasuka kwenye nguzo. Ya tatu inapata.

Sauti ni fupi na kavu, haifanani hata kidogo na ile aliyokuwa akiisimulia. Watu wote wanamtazama. Félicité ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza mtu wa mbali.

"Bado ni kitoto," anasema mwishoni. "Hakijui kuongea."

"Imelia," anasema Yacoob. "Twende nyumbani."

Siku inayofuata, alfajiri, sombe inachemka tena ghorofa ya saba. Lile bonge liko rafu ya juu, karibu na Bikira Maria. Kifuniko kina bonde moja, dogo, ukingoni, na kutoka kwenye bonde hilo uzi mwembamba wa mvuke unapanda. Povu bado linamwagika, ila kidogo. Félicité anapangusa jiko, na leo hatukani.

Mpango wake ni Jumapili. Jumapili hii, na inayofuata, na zote atakazojaliwa. Anasema atakipiga mpaka kijue kupumua, halafu mpaka kijue kuongea, na Larissa akiolewa ataondoka nacho.

"Nitampa na masharti," anasema, akimtazama mumewe anayevaa viatu vya kazi mlangoni. "Asiolewe na fundi wa kunyoosha."