Povu Lililonikosesha Zuhura

Shule niliishia la tatu, lakini sehemu hii ya kuoshea magari Kinyerezi nimeijenga mwenyewe, na wezi siwataki. Juzi nikagusa povu kwenye ndoo ya Zuhura, muoshaji wangu hodari. Baridi! Na maji ya tangi letu ni ya moto kwa jua. Nikaamua anachota maji ya friji dukani kwangu.

"Mwizi wewe! Ondoka!" nikabwata mbele ya wateja.

"Mzee, friji sijaigusa. Povu huwa linapoa lenyewe."

"Unanifundisha mie?"

Akaondoka. Gari la mwalimu mmoja lilibaki nusu, nikachota maji tangini, nikavuruga sabuni. Nikasimama upeponi kumsimulia mwalimu ninavyoibiwa. Nilipotumbukiza mkono, povu lilikuwa baridi, maji ya chini yana joto.

Mwalimu akacheka. "Upepo unalikausha povu, mzee, na maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Umemfukuza mtu kwa hilo?"

Nikatoka mbio. "Zuhura mwanangu!"

"Abee, mzee," akaitika kwa adabu kutoka ng'ambo ya barabara, kwa mshindani wangu, wala hakuacha kuosha.